Mama Chujio na Bomba la Bafu la Mwisho

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Juni 1954, mtoto wa tano kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi baba yake. Wazazi walimpa jina zuri, lakini mtaani waliolijua walihesabika kwa vidole, na barua zilizoandikwa jina hilo zilirudi posta. Kila mtu alimwita Mama Chujio, naye aliitika bila kinyongo.

Alianza shule mwaka 1962 akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Katika ripoti yake ya mwisho mwalimu wa darasa aliandika: "Anauliza maswali mengi yasiyohusu somo." Ripoti hiyo aliitunza ndani ya bahasha, akawa anawaonyesha wajukuu kwa majivuno makubwa, kana kwamba ni shahada.

Mwezi Februari 1974 aliajiriwa kuwa mfanya usafi katika bweni la wanafunzi wa uuguzi. Lilikuwa na ghorofa mbili na mabafu kumi na mawili, na katika karibu yote maji yalisimama hadi kwenye vifundo vya miguu. Waliomtangulia walikuwa wakimwaga dawa kali, wanafunga mlango na kuomba Mungu. Yeye alichuchumaa akatazama kilichotoka ndani ya bomba: nywele, vipande vya sabuni, nyuzi za mashuka. Akamwendea msimamizi wa bweni.

"Mama, bomba halina kosa. Kosa linaingilia juu."

"Sasa unataka nifanye nini, niwakataze wasichana kuoga?"

"Hapana. Nipe misumari na makopo ya maziwa."

Alitoboa vifuniko vya makopo, akaweka kimoja juu ya kila tundu la maji, na kila asubuhi alipita kuvikung'uta kwenye ndoo ya taka. Kisha akahamia jikoni. Alipiga marufuku kumwaga mafuta ya kupikia kwenye sinki. Sufuria ilifutwa kwanza kwa gazeti kuukuu ndipo ioshwe. Mpishi mkuu alinuna wiki nzima, halafu akaanza kuwafokea wasaidizi wake kwa maneno yale yale ya marehemu. Kabla muhula haujaisha, mabafu kumi na moja yalikuwa yakimeza maji vizuri. Wasichana wakamwita Dada Chujio. Umama ulikuja baadaye.

Bafu la kumi na mbili, lile la mwisho karibu na chumba cha kufulia, liligoma. Kila baada ya wiki tatu lilijaa. Marehemu alimshuku mwanafunzi mmoja mwenye nywele ndefu.

"Mdogo wangu, hizo nywele unazioga au unazimwaga?" alimwuliza mbele ya wenzake, na binti wa watu akalia.

Na kila lilipoziba aliitwa fundi bomba, kijana mpole aliyekuja na waya wake mrefu, akazibua, akanywa chai, akaeleza kwa kirefu kwamba bafu lile ni korofi kwa asili.

Tarehe 20 Agosti 1977 marehemu alifunga ndoa na fundi huyo. Aliacha kazi ya bweni, na tangu hapo walifanya kazi pamoja majumbani mwa watu kwa miaka thelathini na mitano. Mume alizibua, mke alihubiri. Ukiwaita hawa wawili ulijua utasomewa yote: makombo yasiingie kwenye sinki, birika moja la maji ya moto kila Jumamosi, na kona ya bomba chini ya sinki ifunguliwe na kusafishwa hata kama haijaziba. Nyumba nyingi hazikuwaita tena, kwa sababu hazikuziba tena, na hilo ndilo lililomfurahisha kuliko sifa yoyote. Kitu kimoja tu hakukivumilia, nacho ni kazi ya kulipua, ile inayoachwa nusunusu. Siku moja alimrudisha mumewe kwa jirani, chakula kikiwa mezani, kwa ajili ya tone moja lililokuwa likidondoka chini ya sinki.

Kwa hiyo mumewe aliishi na hofu. Familia inaeleza haya kwa ruhusa yake. Amesema yasiposomwa, hatakaa kiti cha mbele. Ukweli ni kwamba lile bafu halikuwa korofi hata kidogo. Fundi alikuwa akipitisha waya, anatoboa katikati ya uchafu tundu dogo la kutosha maji ya siku chache, halafu anauacha uchafu uliobaki ujifunge tena, ili aitwe tena, amwone tena yule dada wa makopo. Alikusudia kumwambia kabla ya harusi. Akaogopa. Akakusudia kumwambia mtoto wa kwanza atakapozaliwa. Akaogopa zaidi.

Mwezi Machi mwaka 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, na madaktari wakasema moyo wake umechoka. Alitibiwa kwa subira, akiwakagulia wauguzi masinki ya wodi. Mwezi Oktoba aliomba arudishwe nyumbani. Jumapili tarehe 3 Novemba, mumewe alipoona siku zimekwisha, alikaa kando ya kitanda na kutoa yote ya moyoni. Aliogopa kwamba mkewe angefumba macho akiwa amemdharau.



"Na yule binti wa watu nilimsema bure!" alisema marehemu.

"Nisamehe, mama watoto."

"Nenda ukamalize kazi."

"Kazi gani? Miaka arobaini na saba, mafundi wangapi wameshapita pale!"

"Wao wamefanya ya kwao. Ya kwako hujamaliza."

Kesho yake asubuhi mzee wa miaka sabini na mitatu alibeba waya begani, akasimama mbele ya msimamizi wa sasa wa bweni, mwanamke kijana, akamweleza shida yake bila kuficha kitu. Yule msimamizi alicheka mpaka akatoa kitambaa, kisha akamfungulia bafu. Mzee alisafisha bomba lote, kuanzia kwenye tundu hadi kwenye chemba ya nje inayopokea maji machafu, akamwaga ndoo tatu za maji kuhakikisha. Njiani kurudi alikuwa akikimbia kadiri magoti yalivyomruhusu, maana hakujua kama angemkuta.

Alimkuta.

"Maji yanashuka?" marehemu aliuliza.

"Yanashuka."

"Mpaka kwenye chemba?"

"Mpaka kwenye chemba."

Akamshika mkono, akacheka kidogo, kwa pumzi aliyokuwa nayo. "Haya. Sasa nimeolewa na fundi."

Alifariki Alhamisi tarehe 7 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa ametulia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Tunalia, lakini hatuna tunachomdai Mungu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa mwisho, na mume, ambaye kwa kauli ya marehemu mwenyewe ni fundi. Mungu ampe mapumziko ya amani.