Methusela Singano, Aliyewaonya Watu Nyuma ya Kituo

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, majirani wa Maramba, na nyote mliotoka Tanga mjini na Horohoro kuja kutushika mkono, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imeniagiza mimi, Jenifa, mtoto wa kwanza wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yetu, na imeniagiza niyasome kama tulivyoyaandika, nisiyalainishe kwa ajili ya mgeni yeyote.

Marehemu Methusela Asheri Singano alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 hapa hapa Maramba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Asheri Singano, mkata mkonge, na mkewe Beatrisi, mama ambaye hakumgombeza mtoto mbele ya wageni hata siku moja, bali mtoto akikosea aliitwa jikoni kwa sauti ya upole aje ateke maji, na huko jikoni akayasikia ya kumtosha. Marehemu alikuwa akisema kwamba katika utoto wake aliitwa kuteka maji ambayo nyumba nzima isingeweza kuyanywa.

Alisoma shule ya msingi hapa Maramba kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akasaidia wazazi shambani kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1980 akajiunga na mafunzo ya mifugo huko Tanga, akapata cheti mwaka 1982, na akaajiriwa kama bwana mifugo, akizunguka kwa baiskeli vijiji vyote vya huku, akijua ng'ombe kwa majina na wenye ng'ombe kwa tabia zao. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Benedikta, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi na mdogo wangu Innocent.

Mwaka 1996 alipewa ukuu wa kituo cha kukusanyia maziwa cha hapa, na hapo ndipo wengi wenu mlipomjua, kwa sababu kila asubuhi mlileta madumu yenu akayapima mbele yenu, na maziwa yakiwa mazuri aliyamimina tangini kwa sifa nyingi, lakini yakiwa na maji au yamechachuka hakusema neno, alilisogeza dumu pembeni kana kwamba linangoja zamu, kisha akamwomba mwenyewe aende naye nyuma ya kituo, amsaidie kukunja mpira wa maji. Mpira ule umekunjwa na watu wengi sana wa wilaya hii. Huko nyuma alimwambia mtu kosa lake bila kumung'unya maneno, akamrudishia maziwa yake, na wakitokeza mbele hakuna aliyeweza kujua lolote, maana wapo wengine wasio na kosa ambao aliwaita kukunja mpira kweli, makusudi, ili wenye makosa wapate pa kujificha.

Mmoja wao ni Bi Mastura, aliyekaa pale na kina mama, na jina lake tunalitaja kwa ruhusa yake, kwani jana aliposikia tunaandika historia hii alikuja akasema, "Mie nitajeni, wanangu, nlitia maji, nlikuwa na watoto hawana baba, na Mzee Methusela akanambia kulekule nyuma, 'Bi Mastura, leo sikuamini, lakini kesho njoo, nitakuamini tena,' na wallahi sikutia tena hata tone." Mama huyu amesema kosa lake mwenyewe, bila kubanwa na mtu, na tunaomba mlikumbuke jambo hilo mnaposikiliza yanayofuata.

Mwaka 2018 kampuni yenye kituo hiki ilichukuliwa na wenyewe wapya, wakaja wakubwa katika magari ya vioo vyeusi, wakaupaka ukuta wa kituo rangi ya samawati, wakaandika juu yake kwa herufi kubwa UADILIFU, UWAZI, UTU, wakagawa fulana zenye maneno hayohayo, kisha wakamchukua marehemu, na mvi zake, wakampeleka semina ya uongozi hotelini Tanga, ambako watu wazima walirushiana mpira wa rangi na kila aliyeudaka akataja mnyama anayempenda. Aliporudi nyumbani mama alimwuliza amejifunza nini, akajibu kwamba amejifunza kuwa mkubwa mmoja anapenda simba.

Uwazi wenyewe tuliuona mwezi uliofuata, ilipokuja amri kwamba kila atakayeleta maziwa mabovu apigwe picha na dumu lake, na picha irushwe kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wote, ili wengine wapate funzo. Marehemu alikataa, akakataa kwa adabu, ingawa waliokuwa mbele yake hawakustahili adabu hiyo, akawaambia, "Wanangu, mtu nikishamvua nguo mbele ya watoto wake, kesho nitamwongoza kwa lipi?" Wakacheka, wakamwita mzee wa mambo ya kale, wakampa onyo la kwanza, wakampa na la pili, naye akaendelea kuwaita watu wakakunje mpira.

Jumamosi tarehe 12 Februari 2022, katika joto lile mnalolijua, wakubwa hao walikuja kituoni kurekodi video ya kuisifu kampuni, wafanyakazi wote wakaambiwa waende makwao mpaka kesho wasiharibu picha, na kwa kuwa mashine ya kupoozea maziwa ilikuwa ikinguruma, mmoja wao, ambaye alikuwa akieleza habari za uadilifu na sauti yake nzuri haisikiki, aliizima kwa mkono wake mwenyewe, akamaliza kujisifu, wakapanda magari wakaenda zao kula, na mashine ikabaki imezimwa. Jumapili asubuhi marehemu alipopita kuangalia tangi kabla ya ibada, alikuta maziwa ya Maramba yote yamekatika, na kabla hajajua la kufanya likaingia gari la mkubwa yule, akashuka peke yake, akamshika marehemu mkono, akamvuta nyuma ya kituo.

Mama yetu Benedikta, ambaye alikuwa amekuja kumfuata mumewe waende kanisani, alisimama kwenye kona ya ukuta akasikia kila neno, jinsi bwana yule alivyolia kama mtoto aliyevunja sahani, akisema, "Mzee wangu nisitiri, nina mke, nina mtoto mchanga, wakijua nimekwisha," na marehemu akamwahidi kwamba yeye hatalisema mbele za watu, ila aende mwenyewe kwa wenzake akaseme.

Hakwenda. Aliingia katika gari lake la vioo vyeusi, akanyamaza, na tarehe 21 Februari ofisi ikatoa taarifa kwamba mkuu wa kituo alisahau kuwasha mashine, akaachishwa kazi kwa uzembe, baada ya miaka ishirini na sita, na picha yake ikarushwa kwenye kundi lilelile la wafugaji. Tusifichane, wapendwa, wapo mliokaa hapa mlioiamini picha ile, mkaacha kuitikia salamu yake sokoni, mkamwita Mzee Maziwa Mabovu mbele ya wajukuu zake, na leo mmekuja mmejitanda khanga na kulia kwa sauti, nasi tumewapa viti na chai.

Mama alimwuliza usiku na mchana, kwa uchungu, "Sitara gani hii, baba Jenifa, ya kumfunika mwenzio kwa shuka lako na wewe ukabaki uchi?" naye akamjibu kwamba aliahidi yeye, na ahadi aliyoitoa mtu haivunjwi kwa sababu aliyepewa ni mtu wa hovyo. Sisi watoto tulimwona mjinga, na tulimwambia hivyo, lakini hakubadilika, alikaa barazani akichambua maharage, na jina lake likizidi kuchafuka mtaani alizidi kunyamaza, ingawa mama anasema alikuwa akilia akiwa peke yake, maana jina ndilo mali pekee aliyokuwa ameikusanya.

Alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2023, akapata kiharusi tarehe 19 Januari 2025, akalazwa hospitalini Tanga, na akiwa kitandani, mdomo umepinda upande mmoja, mama alimwomba ruhusa ya kusema ukweli, naye akasema, "Waambieni mashine sikuizima mimi. Mtu muacheni." Alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, mama akiwa amemshika mkono. Basi leo, mbele ya jeneza lake, familia inawaambia: mashine hakuizima yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo, majirani waliotuletea kuni, maji na mikeka bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuwa wakija kumnyoa na kumgeuza kitandani, na Bi Mastura, ambaye kwa miaka yote mitatu hakukosa kuleta chupa ya maziwa kila Ijumaa. Kampuni nayo tunaishukuru kwa shada kubwa la maua, na kwa kututumia wakubwa wanne, ambao wamekaa pale mbele katika fulana zao za aina moja, UADILIFU kifuani kwa kila mmoja, kiasi kwamba hata mngetaka kumjua yule mmoja msingeweza, na sisi hatutawasaidia, kwa kuwa marehemu alikataza.

Ratiba mliyopewa inaonyesha kwamba baada ya historia hii kuna salamu za mwajiri, zitakazosomwa na mmoja wa wageni wetu hao. Mama yetu ameamua salamu hizo zisisomwe. Hajafanya hivyo kwa hasira, ijapokuwa hasira anayo na ana haki nayo. Ameona tu kwamba mtu yule asilazimike kusimama hapa, mbele ya mwili wa mzee aliyemfunika, akasema uongo mara ya pili na watu wote wakimtazama. Wageni wetu, karatasi yenu ikunjeni, itieni mfukoni, mmesitiriwa tena, na safari hii ndiyo ya mwisho katika nyumba hii.

Pumzika, Baba. Amani ya Bwana ikufunike.