Baraka Iliyoishia Mlangoni

Akina mama wenzangu, nimesimama kuwaeleza jambo ambalo hata mimi sijalielewa lote, kwa hiyo mnivumilie.

Binti yangu alipata kansa ya damu akiwa bado mdogo. Tukalazwa Nairobi. Dawa ikamtoa nywele, ikamletea vidonda mdomoni. Nikamuuliza sista wa wadi, "Hii dawa inamponya au inamuua?"

Akaketi kitandani nami. "Mama, damu ina askari wake. Ugonjwa umeleta askari wa uongo. Dawa inapiga wote, haichagui. Wale wazuri watarudi, lakini polepole. Kwa sasa mtoto hana mlinzi."

Nikaitikia kwa kichwa. Ndugu zangu, sikuelewa kitu! Dawa gani inafukuza walinzi wa nyumba? Lakini nilishika alichoniagiza: maji ya kuchemsha, mikono ya kunawa, wageni wabaki nje, na mwili wake ukipata joto, tukimbie hospitali hapo hapo.

Tukarudi huku Nunguni. Mnajua kwetu mgonjwa akitoka hospitali tunafanyaje. Mlikuja na vibuyu vya maziwa ya mgando, mlitaka kumshika na kumwombea. Nikafunga mlango. Nilisikia mmoja wenu akisema, "Huyu amekuwa mzungu siku hizi!" Mnacheka sasa. Mimi nililia. Sikujua kama namlinda mtoto au namnyima maombi.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Kasikeu kumbariki mjukuu kwa mate kifuani, kama wazee wetu wanavyofanya. Nikasimama mlangoni.

"Nipishe."

"Mwaitu, mama yangu, siwezi."

"Mate yangu yamekuwa sumu?"

"Si sumu, mwaitu. Sista alisema midomo yetu sote ina vijidudu. Sisi havitusumbui. Yeye vinaweza kumuua."

"Na wewe unaamini hayo?"

"Sijui. Nimechanganyikiwa. Lakini nikikosea, sitapata mtoto mwingine kama huyu."

"Kwa hiyo nimetoka Kasikeu kuja kubariki mlango?"

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikafungua kola ya gauni. "Nibariki mimi, mwaitu. Mimi ndiye ninayemwosha na kumlisha."

Akanitemea mate kifuani, akaniombea uzima. Kutoka ndani, mtoto akamwita bibi yake kwa kelele, "Susu, umekosea mtu!" Tukacheka wote mpaka tukalia.

Nikaenda kuoga na kubadilisha nguo. Nilipotoka, mama mkwe alikuwa ameshainjika sufuria ya maji. Hakuondoka mpaka matibabu yalipokwisha. Mgeni akifika, ni yeye aliyemzuia: "Nawa kwanza! Hata wewe mzee wa kanisa!"

Ile kansa haijarudi. Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, tunabishana kila siku.

Namshukuru yule sista aliyenieleza tena na tena bila kunikaripia. Namshukuru mama mkwe. Nawashukuru ninyi mlionichotea maji na kuyaacha nje ya uzio, hata mkiwa mmenikasirikia.

Nawaambia hivi: usiyeelewa, uliza, na uulize tena, lakini huku unafuata ulichoagizwa. Na ukikuta nyumba ya mgonjwa wa damu imefungwa, usinune ukaenda zako. Simama pale nje usalimie kwa sauti kubwa, uimbe ukiweza. Huko ndani mgonjwa anasikia, na mama yake pia.