Ikateni Ngazi Nikiwa Nasikia

Niinueni kidogo. Mabrouka, weka mto mgongoni, hapo hapo, Mungu akuridhie. Sassi, usikae mlangoni kama mgeni anayetafuta namna ya kuaga. Wewe ndiye mkubwa, njoo karibu. Na wewe Ghazi, zima hiyo simu. Nimewaita nyote watatu kwa sababu pumzi ya leo ninayo, ya kesho sina hakika nayo.

Sikilizeni, wanangu. Ya mali ni mafupi. Nyumba hii, mizeituni na shimo la chokaa vitagawanywa kama Mungu alivyogawa, sina ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, na atakayemwambia Mabrouka kuwa mwanamke hana haja na mizeituni, ajue mimi sipo naye. Deni la mtu sina. Nililobakiwa nalo ni neno la ngazi.

Ngazi ile ya uani aliichonga babu yenu kwa mbao za meli iliyokwama kwenye mwamba, na nusu ya misikiti ya Djerba imepakwa chokaa kutoka juu yake. Mnajua kisiwa chetu hakina mto. Sisi tunakunywa mapaa. Mvua ya vuli huanguka juu ya paa, paa huiteremsha kwenye birika la ardhini, na paa lisilopakwa chokaa humpa mwenyewe maji ya vumbi na kinyesi cha njiwa mwaka mzima. Ndiyo maana kila mwisho wa kiangazi nyumba zote hutuita kwa pamoja, mawingu yakionekana kule bara ndio kabisa, kila mtu anataka awe wa kwanza, na fundi hukimbia juu ya ngazi kama mwizi.

Ami yenu Khlifa alikimbia hivyo hivyo. Alipanda kuba la msikiti wetu, mkono mmoja umeshika ngazi, mmoja umeshika brashi, ndoo imening'inia kwenye kiwiko. Upepo ukamrushia chokaa jichoni. Mnaijua chokaa jichoni: mikono yote miwili hukimbilia uso bila kuomba ruhusa. Akaanguka juu ya mawe. Watu walipotoka kuzika wakawa wanaigonga ngazi kwa viganja, wanasema, “Mashallah, haina hata ufa.” Baba yangu akaipaka mafuta ya zeituni akaitundika tena. Katika nyumba hii, siku ile, kilichosalimika kilikuwa ngazi, na tangu hapo tunaisifu kwa kusalimika.

Aliyenishusha mimi ni mama yenu, Mungu amrehemu. Nilirudi nikamkuta anapaka dari la jiko kwa kipande cha ngozi ya kondoo alichokifunga kwenye ufito wa kupukutishia zeituni, miguu yake iko chini sakafuni, anaimba. Nikamwambia, “Salha, huo ni uvivu.” Akanijibu, “Uvivu uko wapi? Dari jeupe, na kiuno changu kizima. Chako je?” Asubuhi nikashusha mlingoti wa antena ya zamani, nikaukata vipande vitatu vinavyochomekana viwe mpini, nikatia rola ya manyoya ya kondoo kwenye ncha, na chini ya rola bati lililokunjwa ili lidake matone. Ndoo nikaiwekea mfuniko wenye tundu la kuchovea. Kwa wachomeleaji nikanunua miwani. Tangu hapo nikawa natoka nyumba ya mtu na sakafu yake haihitaji kukwanguliwa, na kazi iliyokuwa inanilaza siku mbili naimaliza kabla ya adhana ya alasiri.

Tijani, fundi mwenzangu wa chokaa, alicheka, sote tunakumbuka. Alisimama sokoni mbele ya wauza samaki akapaza sauti, “Hebu mwoneni fundi Younes! Anapaka ukuta au anavua pweza?” Nikamwambia, “Navua wateja wako.” Hatujasalimiana tangu siku ile. Nikishazikwa, mtengenezeeni mpini kama wangu mmpelekee. Ana goti bovu, naye bado anapanda. Akitukana, mwacheni atukane; mradi atukane akiwa chini.

Ghazi, wewe nakusifu kwa lile bomba la mgongoni la kunyunyizia chokaa. Wanasema haraka haina baraka. Haraka ya mikono ndiyo haina, wepesi wa zana unao. Lakini lile ulilonunua kwa mwenye shamba nimelinusa, limebeba dawa ya wadudu wa mizeituni. Lioshe mara mia, lisiguse paa ambalo watu watakunywa maji yake. Lirudishe mizeitunini, utafute jipya la chokaa peke yake. Na chokaa iive shimoni. Msiichemshe ndani ya ndoo kwa sababu mteja anapiga kelele.

Sasa wewe, Sassi. Maradhi yangu ni ya mapafu, si ya masikio. Nimesikia kwa kinyozi walikwambia, “Wana wa Younes wanapaka kwa ufagio wa mama yao,” nawe ukaapa kuwa Alhamisi utapanda kuba la msikiti kwa ngazi ya babu. Najua utasema nini, ulishasema: “Ngazi haina kosa, Baba.” Kweli haina. Chokaa haina kosa, upepo hauna kosa, na Khlifa hakuwa na kosa. Ngazi inadai mikono miwili, brashi inadai mmoja, na Mungu hakuumba fundi wa mikono mitatu. Panda ngazi za mawe hadi paa la msikiti, simama palipo bapa, unganisha vipande vyote vya mpini, kuba utalifikia mpaka kwenye mwezi wake. Nimelipaka hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyeswali pale akauliza fundi alisimama wapi.

Kiapo chako toa kafara yake, lisha masikini, kimekwisha. Ngazi siwaachii. Nikifa ikiwa pale ukutani itaitwa kumbukumbu ya marehemu, mtaipaka mafuta, na hakuna atakayethubutu kuigusa mpaka imchukue mwingine. Leo bado ni yangu. Ikateni leo. Kuni zake zipikieni wageni wa matanga, wale kuskusi na samaki, washibe.

Sassi? Unakwenda wapi? ... Mwache, Ghazi. Usimfuate.

Mabrouka, mpini nakupa wewe, mkononi, mbele ya ndugu yako, zawadi ya mtu aliye hai. Uliushika ukiwa mdogo na mama yako. Wafanye kazi nao wote, lakini ulale kwako. Nipe maji ... basi, yametosha.

Nyamazeni. Huo ni msumeno? Nani anakata? Ghazi yuko hapa, nimemshika mkono ... Anavuta kwa nguvu mno, mwambieni asiukandamize, mbao za meli ni ngumu, aache meno yafanye kazi.

Ni yeye. Mwanangu.

Mungu awape riziki ya miguu chini. Mapaa yenu yawe meupe ... maji yenu yawe matamu ... muwazike wazee wenu, wala wazee wasiwazike ninyi.

Msifunge mlango. Bado upande mmoja wa ngazi.