Aliyekata Mnyororo wa Kitabu cha Kwaya

Tarehe 30 Juni 1955, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Bulaimu Hemedi, fundi wa vitabu na mtunza maktaba wa misheni yetu ya njia ya Kabambare, anastaafu. Programu ya sherehe iliyobandikwa mlangoni inasema anastaafu "kwa sababu ya macho". Mimi ndiye niliyeipanga programu hiyo, herufi kwa herufi, kama ninavyopanga kila kinachochapwa hapa, na nilipofika kwenye neno "macho" nilitamani kulimwaga kasha zima la herufi sakafuni. Macho ya Mzee Bulaimu ni mazima. Juma lililopita nilimwona akitunga uzi kwenye sindano, kivulini pa veranda, huku anagombana na mtu. Chama cha wafanyakazi kimeniomba niandike wasifu wake kwa gazeti letu dogo, na kimeniomba pia niwe mchangamfu. Nitajitahidi.

Alizaliwa Kasongo mjini, vita vya Waarabu vilipokuwa vimekwisha punde. Baba yake, Hemedi, alikuwa fundi wa ngozi: viatu, ala za visu, mifuko, na majalada ya misahafu. Mama yake aliitwa Subira, na jina hilo lina habari yake mbele. Mwaka 1924 mchwa walikula mgongo wa misale ya altare, na Padri Mkuu wetu wa kwanza akauliza mjini ni nani anayejua kushona kitabu. Watu wote wakamtaja Bulaimu. Wakristo kadhaa walinung'unika kwamba Mwislamu atashika misale. Padri Mkuu akawajibu kwamba mchwa nao hawakubatizwa, na wameishika zaidi. Tangu siku hiyo Bulaimu amefanya kazi hapa na kofia yake ya hariri kichwani, Ijumaa akipanda baiskeli kwenda msikitini Kasongo, na mwezi wa Ramadhani akiwa mkali kiasi kwamba sisi wa chapa tulipita dirishani kwake kwa kunyata.

Gundi yake alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Mende wa hapa wanaipenda gundi hiyo kuliko chakula, basi Bulaimu akaichanganya na pilipili kali. Mende wakahama. Pasaka iliyofuata wanakwaya walifungua vitabu vyao vilivyotoka kushonwa upya, na kabla ya Aleluya ya pili kwaya nzima ilikuwa inabubujikwa na machozi. Padri mmoja mgeni kutoka Kindu aliguswa sana, akahubiri juu ya imani ya Wabangubangu, wenyeji wa hapa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Maktaba aliyoikuta ilikuwa kabati moja. Anayoiacha ni chumba kizima chenye sakafu ya matofali, na miguu ya rafu zake inasimama ndani ya makopo ya mafuta ili mchwa wasipande. Mna madaftari ya ubatizo na ya ndoa tangu misheni ilipofunguliwa. Mna makaratasi ya mapadri wa kwanza, waliokusanya maneno ya Kibangubangu na Kizimba huku wanatetemeka kwa homa, na homa inaonekana katika mwandiko. Mna barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo wafanyabiashara na machifu wa upande huu waliandikiana zamani. Barua hizo misheni haikuzinunua wala kuziomba. Watu wa mjini walizileta wenyewe, kwa sababu chumba kilikuwa cha Bulaimu na walijua hatamwachia mtu azifungie karanga.

Maana ukali wake haukuchagua mtu. Mgeni mmoja wa Kizungu, mtu mzito, alikuwa analamba kidole kila anapofunua ukurasa. Bulaimu alimtazama mara ya kwanza, akamtazama mara ya pili, kisha akamwondolea kitabu mikononi. "Bwana, hii haiko sahani," alisema. Tulidhani atafungwa. Mgeni alikwenda kunawa mikono, akarudi, akasoma hadi saa ya chakula.

Sasa nifike kwenye Kitabu Kikubwa, ambacho ndicho chanzo cha maneno yote haya. Padri Mkuu wa kwanza alikuwa na mjomba wake, kanoni, yaani padri wa baraza la kanisa kuu moja la kale kule Ubelgiji. Mwaka 1926 kanisa hilo liliipa misheni yetu zawadi ya kitabu kimoja cha kwaya, kilichoandikwa kwa mkono siku ambazo mashine ya chapa haikuwepo duniani. Kurasa zake ni ngozi ya ndama, na herufi za mwanzo zimepakwa dhahabu. Kilishuka kwenye treni Samba, kikavushwa mto Lualaba, kikapandishwa hapa kwa machela. Bulaimu alipofungua sanduku aliona pete ya chuma kwenye jalada, na kwenye pete kipande cha mnyororo kirefu kama mkono wa mtu mzima.

Hakuuliza mtu. Alikwenda kwa Amisi, mhunzi wetu, akaazima mkasi wa chuma, akakata. Tundu la pete akaliziba kwa kiraka cha ngozi ya mbuzi, kizuri hata wageni wanadhani ni pambo. Mnyororo akamwachia Amisi, naye akaufua, ukawa ndoano ya ndoo ya kisima. Padri Mkuu alipojua alicheka hadi akatafuta kiti. Mambo yakaishia hapo, na ndoo ikaendelea kuteka maji.

Mwaka jana akaja Padri Odilo. Sitaki kumsingizia: ni msomi, ana huruma kwa wagonjwa, na Kiswahili chake hakina aibu. Kabla ya kuja alifanya kazi katika maktaba ya kanisa kuu lile lile lililotupa kitabu. Jioni za kwanza alitusimulia habari zake, tukamsikiliza kwa raha. Kuna chumba juu ya ngazi ya mawe ambamo makanoni waliweka hati za mashamba yao, zenye mihuri ya nta. Kuna sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na watu watatu wasiopendana. Kulitokea moto ulioteketeza sehemu kubwa ya vitabu, kisha wakaja askari waliochana vilivyosalia wakafungia baruti. Na kuna meza ndefu zenye fito za chuma, ambapo vitabu bora vilifungwa kwa minyororo. Mnyororo, alisema, ulikuwa heshima. Kitabu cha thamani kilifungwa ili maskini yeyote aingie akisome, na tajiri asiende nacho nyumbani kwake.

Kisha akaomba aonyeshwe mnyororo wa kitabu chetu, tukampeleka kisimani. Aliishika ile ndoano kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Alisema ni chuma cha miaka zaidi ya mia tano, na sisi tumekitekea maji.

Huruma yangu haikudumu. Punde aliagiza minyororo kutoka stoo ya mgodi mmoja upande wa Salamabila, ikaja na kamyo ya mizigo, mipya, imepakwa grisi. Kwanza, alisema, Kitabu Kikubwa kirudishiwe hali yake. Kisha madaftari ya ubatizo yafungwe pia, kwa sababu watu wanaokuja kutafuta majina yao wanayachafua, na ipo siku watayaiba. Wa kupigilia pete ni Bulaimu, kwa kuwa ndiye aliyeharibu.

Nilikuwepo siku hiyo, nimepeleka karatasi za majaribio ya chapa.

"Mupe," Bulaimu alimwambia Padri Odilo, kwani ndivyo tunavyowaita mapadri, "kile kitabu kilifika huku kimefungwa sawa mufungwa wa prizo. Nikakifungua. Kosa iko wapi?"

Padri Odilo alimweleza tena habari ya heshima, kwa upole, kama anavyoeleza katekisimu. Alisema hakifungwi kitu kisicho na thamani. Bulaimu alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si desturi yake.

"Mama yangu naye walimufunga sababu alikuwa na bei," akasema.

Subira halikuwa jina la kwao. Yule mama alikamatwa akiwa msichana, upande wa Wamaza, akaletwa Kasongo na wenzake katika mnyororo mmoja, shingo kwa shingo, na jina hilo alipewa na aliyemnunua. Aliyemnunua alikuwa mtu wa ukoo wa Hemedi. Bulaimu hajalificha hilo kamwe, na hakumficha Padri. "Nyororo ile baba yangu aliishika, mama yangu aliivaa. Mimi siishike tena." Na asije mtu akaniambia hayo ni ya kale. Nani kati yetu hajawaona wafungwa wa Serikali wakikata majani kando ya barabara, mnyororo shingoni?

Nilidhani Padri Odilo amesikia. Hakusikia. Alimpa Mzee siku za kufikiri: ama apigilie minyororo, ama astaafu mwezi wa sita. Na kustaafu maana yake ni kwamba nyumba ya matofali nyuma ya karakana, ambamo yeye na mkewe, Mama Feza, walilea watoto wao wote, inapewa fundi mwingine. Maana yake pia ni kwamba madaftari mawili ya ubatizo, ya kale kuliko yote, ambayo alikuwa ameyafumua ili ayashone upya, yanabaki mezani kurasa zimeachana. Nyumba haikumtoa usingizi. Madaftari ndiyo yaliyomuuma. Alipita kwangu akakaa kwenye benchi bila kumtukana mtu yeyote, nikajua ana huzuni. "Nitawaacha vile, matumbo wazi?" aliniuliza. Siku ya jibu alileta ufunguo wa maktaba, akauweka mbele ya Padri, akaenda kufunga mizigo yake.

Basi hayo "macho" yametoka wapi? Nimeuliza, nikaambiwa ni kwa ajili ya kumkinga Mzee na aibu. Aibu ya nani? Bulaimu hana aibu hata ya kujaza kijiko. Kama mtu anaondolewa kwa sababu amekataa jambo, iandikwe kwamba amekataa jambo. Tumeshachukua nyumba yake, tumechukua kazi yake, sasa tunataka na ile "hapana" yake tuigeuze kuwa ugonjwa. Nina hasira, na ninaiandika kwa herufi za kawaida kwa sababu kubwa hazikutosha kwenye kasha.

Na hayo madaftari! Mama yangu, Anastasie, hajui kusoma. Kila mwaka, sikukuu ya ubatizo wake, huja hapa na nguo yake nzuri, na Bulaimu humfunulia ukurasa. Mama huweka kidole chini ya jina lake, hukaa nalo kidogo, huaga, huenda zake. Mwislamu huyu mkali, anayewapokonya wageni vitabu kwa kosa la kulamba kidole, hajawahi kumwambia mama yangu aondoe mkono. Sasa akija mwakani alikute jina lake limetiwa mnyororo wa mgodini, nimweleze mimi mwanawe kwamba ni heshima? Yeye naye aliletwa upande huu akiwa mtoto, na hakuletwa kwa kubembelezwa.

Nafasi ya Mzee imetangazwa katika ukurasa wa mwisho wa gazeti hili. Tangazo nimelipanga vizuri, halina kosa. Sharti la kwanza ni kupigilia minyororo, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuuliza. Amisi aliombwa apige angalau pete moja, akajibu tanuri lake limezimika, na lilikuwa linavuma nyuma yake. Faradji, seremala, amesema mbao zetu si za kushika misumari ya aina hiyo, yeye aliyejenga dari ya kanisa kwa mbao hizo hizo. Minyororo iko ndani ya sanduku lake, na grisi yake.

Mzee Bulaimu, chama cha wafanyakazi kinakushukuru kwa kila mgongo wa kitabu ulioushona, kwa kila ukurasa uliounyang'anya mchwa, na kwa matusi yako yote, ambayo nusu yake tulistahili. Mungu akujalie wewe na Mama Feza siku nyingi za utulivu huko Kasongo, kuni kavu, majirani wasio na makelele, na mtu wa kugombana naye kila asubuhi. Tutakukosa.

Madaftari yako mawili hayajafungwa, na kitabu ambacho hakijafungwa kinaweza kusafiri. Nimemwambia Padri Odilo kwa mdomo, na ninaandika hapa ili asiseme hakuambiwa: Jumamosi nitapakia la kwanza kwenye baiskeli, lile lenye jina la mama, na mama mwenyewe atakaa nyuma alishikilie. Tandika mkeka, Mzee. Tunakuletea ulimalize.

Roger, mpanga herufi