Sauti Iliyoishia Kumi ya Tatu

Wamama na wababa, niachieni hiki kiti karibu. Nitasema nimesimama, na sauti ikichoka nitakaa. Musinionee huruma. Huruma yenu nilishaionja, ikanitapisha.

Majina sitaji. Wenyewe wanajijua, na wengine wamekaa hapa mbele na vitambaa safi kichwani.

Ilianza na jicho moja. Nilikuwa na mutoto wa miezi minane, wa kwanza, na shamba la pamba ambalo kapita, musimamizi wa serikali, alilipima kwa hatua zake. Asubuhi nililima kama wenzangu. Magaribi kope inashuka, inafunika jicho, naishika juu na kidole ili nione njia ya nyumbani. Nikiangalia mutu mumoja, naona wawili. Kisha mikono: namusuka mwenzangu nywele, kabla sijamaliza inashuka yenyewe. Kisha mudomo.

Ya mudomo nitawaambia wazi, kunjeni uso mukitaka. Ugali natafuna mara tano, taya linakataa. Nilishika kidevu na mukono ili kinywa kifunge. Mate yalitiririka. Maji nikiyameza yalitoka puani. Tulikuwa tunakula sahani moja, mimi, mama mukwe na mawifi. Siku moja sombe, majani ya muhogo, niliyokwisha kuitafuna ikanitoka, ikaanguka katikati ya sahani. Mama mukwe akainuka. Kesho yake nikakuta bakuli yangu imewekwa peke yake, nje, kwenye kuku. Na mimi nilijiona kinyaa, nawaambia kweli.

"Iko na ugonjwa wa usingizi," wakasema. Waganga wa serikali, wale wanaopita kijiji kwa kijiji kushika watu shingo kutafuta uvimbe wa ugonjwa huo, walinishika shingo, wakanichoma sindano ya mugongo, hawakuona kitu. Kapita akapata neno lake, na kijiji kikalirudia: "Kama hana ugonjwa, basi iko muvivu. Asubuhi ana nguvu, magaribi anajilegeza!" Ndugu zangu, serikali na kijiji chetu hawajawahi kukubaliana hata juu ya daraja. Juu ya uvivu wangu walikubaliana siku moja.

Halafu mutoto akaniponyoka. Ilikuwa magaribi, namutoa kwenye mukeka, mikono ikaachia, akagonga paji la uso kwenye kinu. Mama mukwe, ambaye hakuwaamini wale waganga, akamunyakua. "Maziwa yako yatamupatia usingizi. Usimuguse tena!" Mume wangu aliangalia chini. Kifua kilijaa mpaka kikauma, nikawa nakamua maziwa kwenye muchanga nyuma ya nyumba, na mutoto namusikia analia nyumba ya pili. Hilo ndilo linalonichukiza mpaka leo, kuliko ugonjwa wenyewe.

Lakini nisijifanye mutakatifu. Nikiwa musichana, upande wa Kabambare, kulikuwa mwanamuke mwenye ugonjwa wa usingizi wa kweli. Akipita, tulikuwa tunatema mate. Mimi nilitema mbali kuliko wote, na nilijisifu.

Munakumbuka ni mimi niliyeongoza rozari hapa kanisani kila Jumamosi. Niliendelea, maana nilikuwa namuomba Bikira Maria anirudishie mutoto. Kumi ya kwanza, zile Salamu Maria kumi za mwanzo, sauti wazi. Ya pili inalegea. Kumi ya tatu maneno yote yanaingia puani. Mumoja wenu akasimama, akasema shetani wangu hataki Salamu Maria. Akaninyang'anya rozari mukononi, mbele ya watu wote, na ninyi mukaitikia "Amina." Ile Amina sijaisahau.

Sasa, siku ile infirmiye, muuguzi wa dispanseri, alikuwa amekaa mulangoni, anamungoja katekista kwa habari za chanjo. Muislamu, mutu wa mbali. Alinifuata nje.

"Mama, kaa. Usiseme kitu."

Tulikaa kimya muda murefu, mpaka nikamushuku. Halafu akasema, "Sasa anza sala yako upya. Mimi nitahesabu."

Akatoa tasbihi yake mufukoni. Nikasali Salamu Maria, na yeye anasukuma punje za tasbihi, moja moja. Sauti ilikuwa imerudi! Kufika kumi ya tatu ikaanguka tena, palepale. Akaniambia niangalie paa la kanisa nisishushe macho. Kope zikashuka zenyewe.

"Mama, shetani gani huyu anarudisha sauti ukipumzika? Ni nyama ya mwili inachoka. Twende kwa dokta."

Alinipandisha kamyo, lori ya kubeba pamba, mpaka Kasongo. Dokta alinidunga sindano moja. Sikumaliza kulalamika maumivu yake, kope zikapanda. Nikaomba ndizi. Nikaitafuna yote, kinywa kimefunga, nikalia huku natafuna.

Dokta akasema ugonjwa huu ni wa nadra, yeye alikuwa ameusoma kwenye vitabu tu. Unawashika zaidi wanawake vijana, na wanaume wakishazeeka. Nguvu inatoka kichwani, haifiki vizuri kwenye nyama. Kwa nini? Hata wao hawajui. Hauambukizi kwa sahani wala kwa maziwa. Na vidonge alivyonipa haviuondoi, vinanipa masaa machache ya nguvu tu.

Nilirudi, nikameza kidonge, nikangoja, nikaingia kwa mama mukwe. Sikuomba ruhusa. Nilimuchukua mutoto kwa mikono miwili. Alikuwa amenisahau, akanililia usoni. Nilimushika hivyohivyo.

Namushukuru infirmiye, aliyehesabu sala isiyo yake. Namushukuru dokta, na dereva aliyenikalisha mbele na yeye. Mume wangu nitamushukuru siku atakayoinua uso. Na ninyi niwaachie neno moja: mukiona mutu asubuhi iko muzima, magaribi amelegea, musiseme anaigiza. Muulizeni ni saa gani inamushika. Swali hilo mimi sikuulizwa na mutu wa hapa.

Munasikia? Sauti imeanza kuingia puani. Na pale nyuma kuna mama ameshafanya ishara ya musalaba. Shusha mukono, mama. Sasa nakaa. Mwenye rozari yangu ailete hapa, mukononi mwangu. Nikipumzika nitaanza kumi ya kwanza, na ikifika ya tatu, mutaningoja.