Maji Niliyoyatupa Kwenye Mrututu

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa usharika, asanteni kwa kunipa nafasi. Jambo hili nimelificha miaka mingi: nilifeli kemia kidato cha nne, nikarudia, nikafeli tena.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku kwetu mlimani. Nilitaka uuguzi, na chuo bila kemia hawakuchukui. Baba akanipa nafasi ya mwisho. "Ukifeli ya tatu, unashuka Chekereni kwa shangazi yako ukalime mpunga. Habari za shule sitaki kuzisikia tena." Na baba yangu, ndugu zangu, akisema amesema.

Kilichonimaliza ni moli, kuhesabu atomi. Nilikariri mpaka kichwa kikauma, na bado nakosa.

Zikabaki wiki tatu. Nikaenda Njoro kwa mama mmoja, mhudumu wa maabara, nikitegemea atanifundisha upya. Akasema tu, "Hebu fanya swali, nikuangalie."

Swali lilikuwa la mrututu, ule ule wa buluu tunaopulizia mibuni. Gramu ishirini na tano zina moli ngapi za atomi za oksijeni? Fomula yake ina shaba moja, salfa moja, oksijeni nne, halafu molekuli tano za maji. Nikayakata maji, nikahesabu oksijeni nne.

"Maji umeyapeleka wapi?"

"Nimeyatoa, mama. Si unyevu tu?"

Msinicheke! Nyumbani kahawa yenye unyevu mnunuzi anairudisha. Unaianika mpaka ikauke, ndipo ipimwe. Basi na mimi kila nikiona maji kwenye fomula, nayatoa.

Yule mama akaweka punje za mrututu kwenye kifuniko cha bati, juu ya moto. Buluu ikatoweka, ukabaki unga mweupe. Ulipopoa akaudondoshea maji, buluu ikarudi. Nilishtuka. Kumbe yale maji yalikuwa sehemu ya mrututu wenyewe!

"Hesabu tena, mwanangu."

Oksijeni tisa: zile nne, na tano za kwenye maji. Moli moja ni gramu mia mbili na hamsini, kwa hiyo zangu ishirini na tano ni sehemu moja ya kumi ya moli. Oksijeni ni moli sifuri nukta tisa. Nililia palepale.

Siku ya mtihani nilihesabu kila swali mara tatu, jasho likidondokea karatasi. Matokeo yalipobandikwa, baba alikwenda kuyasoma mwenyewe. Alirudi, hakunitazama, akamwita mama yangu. "Mfungie huyu nguo zake." Nikajua ni Chekereni. Ndipo akamalizia, "Anakwenda chuo."

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama, na baba pia namshukuru. Lakini niseme ukweli, bado inaniuma. Walimu walinichapa, nyumbani niliitwa mvivu, na muda wote huo hakuna aliyeniuliza nahesabuje. Wazazi, mtoto akileta sifuri, kaa naye chini kabla hujashika fimbo. Mwambie akuonyeshe alivyofanya.