Mama Vestina na Swali la Matumizi: Miaka Thelathini na Moja ya Bima za Magari, Kibondo na Kasulu

Nimeambiwa ukurasa huu wa ratiba ya sherehe uanze na miaka ya utumishi. Nitaitaja, ila kwanza kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Firdausi ninayelala naye chumba kimoja. Mwezi wa kwanza mwaka huu niliandika neno moja la uongo kwenye fomu ya bima, na fomu hiyo ina saini ya Mama Vestina. Nitaeleza mbele. Nimelitaja hapa juu ili nisije nikaogopa nikifika katikati.

Bi Vestina Ntahondi anastaafu Jumamosi hii, tarehe 28 Februari, baada ya kuwakatia watu bima za magari kwa miaka thelathini na moja. Minane ya kwanza alikuwa Kibondo, iliyobaki yote hapa Kasulu. Mimi ni Zuhra, binti wa Mansuri mwenye duka la vitenge sokoni. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, nasubiri kupangiwa shule, na tangu Desemba nakaa meza ya pili kutoka mlangoni kwenye ofisi hii. Bwana Dadi, meneja wetu, alinipa mimi kazi ya kuandika kwa sababu, anasema, kwa jinsi nisivyoongea lazima maneno yangu yote bado yapo.

Mama Vestina alianza mwaka 1995, Kibondo ikiwa imejaa magari ya mashirika ya wakimbizi. Stika za bima zilikuwa za karatasi, zinabandikwa kioo cha mbele. Alizichapa kwa mashine ambayo herufi yake ya K ilikuwa imekatika mguu, kwa hiyo Kibondo na Kasulu zote ilibidi azimalizie kwa kalamu. Barabara ilikuwa ya vumbi. Anasema mteja akiingia tu, ulijua katoka upande gani kwa rangi ya shati lake. Mimi hiyo barabara naikumbuka kwa mbali, nikiwa mdogo nyuma ya gari, mama amenifunika uso kwa kanga. Mama Vestina anaikumbuka kona kwa kona, na akianza kuisimulia ofisi nzima huacha kazi.

Siku hizi mteja anatuma picha ya kadi ya gari kwa simu, na stika inamrudia kwenye simu hiyo hiyo kabla chai yake haijapoa. Mama Vestina hakugombana na simu. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha, nacho ni kusoma.

Mikataba ya bima inakuja kwa Kiingereza. Mimi nimesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, nikadhani ndiyo sababu ya kuchukuliwa. Wiki yangu ya kwanza alikuja mteja mpya kutoka Busunzu, Mzee Pasikali, na pikapu yake. Nikamtafsiria ukurasa mzima, sauti yangu ikiwa chini kama ya mtu anayeungama. Nilipomaliza Mama Vestina akamgeukia.

"Haya mzee, sasa nisimulie mimi."

Mzee Pasikali akafikiri. "Binti kasoma vizuri sana," akasema. "Sijaelewa."

Mama Vestina akaanza upya kwa Kiha. Ndiyo desturi yake: hakuna anayesaini mpaka amrudishie mkataba wote kwa maneno yake mwenyewe, kifungu kwa kifungu, kama anamsimulia mkewe. Kuna watu wamekaa kwenye benchi letu saa nzima. Kuna aliyekasirika, akaenda kwingine, akarudi mwaka uliofuata.

Siku ile Mzee Pasikali alitaka bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika. Thamani aliyotaja ni bei aliyonunulia pikapu miaka kumi na miwili iliyopita, na kote alikokata bima walikuwa wanaiandika hiyo hiyo. Mama Vestina akatoka nje. Akaizunguka pikapu, akaigonga mlango kwa kucha, akasikiliza kama anachagua tikitimaji.

"Mzee, ukiliuza leo hili, nani atakupa bei ya gari jipya?"

"Mama, usiliseme gari langu likiwa linasikia."

"Nalisema kwa faida yako. Likipata ajali watakulipa bei yake ya leo. Sasa wewe ya mwaka ule unailipia ya nini?"

Thamani ikaandikwa ile ya kweli, na ada ya bima ikashuka nayo. Mzee Pasikali alifurahi sana, ila aliondoka anapapasa boneti, kama anaomba radhi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yake. Watu wengi wanaoingia ofisini wanataka kitu kimoja, bei ipungue, na wanadhani kuna mlango wa nyuma. Yeye anawaambia wa nyuma haujui, ila wa mbele una upana wake. Mwalimu Siti wa Muyama alikuja amekasirika kwamba mbuzi wa jirani kavunja taa ya gari lake, akataka kudai fidia. Mama Vestina akamuuliza ana miaka mingapi hajadai chochote. Mitatu. "Basi taa kanunue mwenyewe," akamwambia. "Ukidai kwa ajili ya mbuzi, punguzo lako la miaka mitatu linakwenda na mbuzi." Akamfundisha na kwamba siku akihamia kampuni nyingine aombe barua ya kuonyesha hajawahi kudai, punguzo limfuate. Wengine aliwaambia wakubali kubeba wenyewe hasara ndogo za mwanzo. Wengine walipe mwaka mzima mara moja badala ya vipande vipande. Wenye geti na mlinzi waseme wana geti na mlinzi, kwa sababu kampuni haioni kwa macho. Na kila mwaka waulize bei sehemu tatu, hata kama ofisi yetu ndiyo itakayokosa. Bwana Dadi husikia hayo akiwa chumba cha ndani, anakohoa.

Kikohozi hicho kina historia. Mwaka 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, wenye pikapu waliokuwa wanabeba mizigo ya kambini walibaki na magari yameegeshwa, huku wanaendelea kulipia bima ya kazi ambayo haipo. Mama Vestina alitoa daftari la simu akampigia mmoja mmoja. Njoo tubadilishe, gari lako siku hizi linakwenda shambani na kanisani tu, hiyo ada si yako tena. Kamisheni ya ofisi ilianguka. Bwana Dadi anasema alimnunia mwezi mzima, na kwamba mwaka uliofuata wale wote walirudi na shemeji zao.

Ila aliyempa jina mjini ni yule dereva wa gulio la Muyama. Kwenye fomu kuna nafasi imeandikwa matumizi ya gari. Ukiandika binafsi unalipa kidogo, ukiandika kubeba abiria unalipa zaidi. Huku kwetu kila gari ni binafsi mpaka siku ya gulio. Kwa hiyo Mama Vestina alikuwa anakwenda gulioni kununua maharage, na akishanunua anapita magari yanapoegeshwa, taratibu, kapu kichwani. Siku moja mteja wake akamwona kwa mbali, ndani ana watu kumi na mmoja. Akawaambia haraka, semeni tunatoka harusini. Mama Vestina akafika, akawasalimia wote kwa Kiha, mwidiwe, mwidiwe, akauliza bibi harusi ni yupi. Nyuma kabisa bibi mmoja mwenye kuku mapajani akanyoosha mkono.

Anasema alicheka mpaka akakaa chini juu ya maharage. Akampa hongera bibi harusi. Kisha akamwambia dereva maneno ambayo sasa wateja wote wanayajua kwa kichwa: "Ama ubadilishe karatasi, ama ubadilishe safari." Kesho yake dereva alikuwa kwenye benchi letu. Tangu hapo watu wanamwita Mama Matumizi, na watoto wa sokoni wakimwona wanamuuliza wao, "Matumizi?", kabla hajauliza.

Sasa ile fomu.

Baba yangu ana gari, Noah. Zamani ilikuwa ya nyumbani kweli: shule, msikitini, hospitali. Tangu mwaka jana kila Alhamisi inakwenda gulioni na marobota ya vitenge, na akina mama watano wenye mizigo yao, na kila mmoja analipa nauli. Mwezi wa kwanza bima ikaisha. Mama Vestina alikuwa amekwenda Kibondo kuaga wateja wake wa zamani. Baba akaniletea kadi ya gari, akasema, "Zuhra, andika kama mwaka jana," akarudi dukani, aliacha watu. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia niandike kama mwaka jana.

Nikafika kwenye nafasi ya matumizi. Swali hilo nimelisikia wakiulizwa wazee, mapadre, na askari polisi mmoja. Kumfuata baba yangu mzazi dukani, mbele ya wateja, nimuulize yeye, nikashindwa. Nikaandika binafsi. Na niseme yote: nilitaka pia aone kwamba kuwa na mtoto ofisi ya bima kuna faida. Jioni alipoona ada akasema, "Umenisaidia, mwanangu." Baba yangu hasemi hivyo mara nyingi. Nilikwenda kulala bila kula.

Mama Vestina aliporudi aliikuta fomu mezani. Akasoma jina, akanitazama, akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutaka kusimuliwa. "Hii ya nyumbani kwenu," akasema. "Najua umemsomea mwenyewe." Nikaitikia kwa kichwa. Akasaini.

Wiki iliyopita Bwana Dadi alinipa kipande cha karatasi chenye sentensi aliyoitunga yeye, niiweke humu: katika miaka thelathini na moja, hakuna fomu hata moja ya uongo iliyopita mikononi mwa Bi Vestina. Sentensi nzuri. Nimeinakili mara nne, na mara nne nimeifuta. Kila Alhamisi Noah ikitoka nasikiliza mlio wake mpaka irudi. Ikigonga mtu, au akina mama wale wakiumia, kampuni itauliza walikuwa ndani kama nani. Itafungua fomu. Itaona binafsi, na chini yake itaona saini. Watakaoumia wanaweza wasilipwe inavyostahili, na Mama Vestina ataitwa kutoka shambani kwake, ameshastaafu, kuulizwa swali lake mwenyewe.

Jana nilichukua karatasi nikaipitisha Noah ya baba kwenye njia zote za Mama Vestina. Nikaandika matumizi ya kweli. Nikashusha thamani iwe ya leo, maana nayo niliinakili ya mwaka jana. Baba hajadai fidia miaka minne, na lile punguzo hata sikuliomba, nilikuwa na haraka ya kuficha jambo lingine. Geti tunalo, mlinzi tunaye, na fomu haikusema. Ada ilipanda, ndiyo. Ilipanda kidogo mno kuliko nilivyoogopa. Sehemu kubwa ya uongo wangu ilikuwa ya bure, kazi yake ingefanywa na ukweli ambao sikuuandika. Kibali cha kubeba abiria ni juu ya baba kukitafuta, ama abaki na vitenge vyake peke yake. Karatasi au safari, achague kama wenzake wote.

Leo ni Alhamisi, na kesho ndiyo mwisho wa saini ya Mama Vestina ofisini hapa. Mchana nilimtumia baba ujumbe kwamba gari lisitoke tena, na akirudi apite, kuna swali anasubiriwa kuulizwa. Hajajibu. Ukurasa huu nimekuwa nikiuandika tangu asubuhi chini ya faili la wateja wa Kibondo. Kila mtu akipita naufunika, nasema napanga majina.

Noah imezimwa nje. Namjua baba kwa funguo zake, huwa anazichezea akitembea. Na mbele yake ni makubazi ya Mama Vestina, yanayoburuta kidogo mguu wa kulia, anarudi kutoka kula. Wanakuja pamoja, anamuuliza baba habari za duka. Faili nimelirudisha kabatini. Ukurasa uko mezani, na juu yake fomu mpya, nafasi ya matumizi iko wazi. Bwana Dadi akitaka kuikata sehemu hii kalamu anayo. Sentensi yake nimeiandika hivi: katika miaka thelathini na moja, fomu moja ya uongo ilipita mikononi mwa Bi Vestina, na niliiandika mimi.

Mama Vestina, ofisi nzima inakushukuru kwa benchi, kwa Kiha chako, kwa maharage uliyoyakalia, na kwa hela ambazo watu wa Kibondo na Kasulu walibaki nazo mfukoni bila kumdanganya mtu. Mapumziko yako yawe marefu kuliko barabara ile ya vumbi, na yasiwe na kona zake. Ulale mchana. Uende gulioni kununua maharage tu.

Ila usifungashe kwanza. Mteja wako wa mwisho amefika mlangoni nyuma yako, ana funguo mkononi na sura ya mtu anayeharakishwa. Muulize. Kisha uniambie mimi nikusimulie, na safari hii nitasema kwa sauti.